Likizo hii piga picha za kwenu, kisha uzirudishe

Vyuo vimefungwa, na kwa wengi wenu likizo ndefu imeanza bila mpango. Nafasi za mafunzo kazini ni chache, vibarua vyenyewe vinapatikana kwa kujuana, na nyumbani mama ashaanza kuuliza utalala hadi saa nne kila siku mpaka lini. Hata hivyo, karibu kila mmoja wenu ana simu yenye kamera mfukoni. Nyinyi mnaosomea uanahabari huenda mna kamera yenyewe, ya kuazima au ya mtumba.

Basi tunakupa kazi. Chagua mahali pamoja kwenu: soko, ufuo, uwanja wa mpira, karakana, au hata ploti moja ya nyumba za kupanga. Pafuate mahali hapo kwa kamera likizo nzima, si siku moja. Na kabla chuo hakijafunguliwa, zirudishe picha hizo kwa watu uliowapiga. Sehemu hii ya mwisho ndiyo husahaulika sana, na ndiyo inayomtenga mpigapicha wa habari na mtu anayewinda laiki tu.

Kwa nini tunakusukuma hivi? Hebu jiulize mtaa wenu hupigwa picha lini. Mara nyingi ni siku ya balaa. Mafuriko yakija, wapigapicha wanakuja. Moto ukizuka, wanakuja. Mwanasiasa akichomoza kichwa juu ya gari lake, wanakuja mbio. Zile siku nyingine zote, ambazo ndizo maisha yenyewe, hakuna anayekuja.

Julai 2018 sehemu ya Kibera ilibomolewa ili kupisha barabara. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliangusha nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito, na wakazi wa Mathare na Mukuru wakajikuta nje na magodoro yao. Ukitafuta picha za matingatinga ya siku hizo utazipata kwa mamia. Sasa tafuta picha za kilichokuwa pale kabla ya tingatinga kufika: kinyozi na kioo chake kilichopasuka, chama cha akina mama kikihesabu pesa Jumapili jioni, watoto wakifanya hesabu za shule mlangoni kwa sababu ndani ni giza. Hizo utazitafuta sana. Huenda zilikuwa kwenye simu ya mtu, na simu ikaibwa.

Hilo si jambo dogo. Mtaa unaojulikana kwa picha za siku ya kubomolewa pekee huonekana kana kwamba haukuwa na kitu cha kubomolewa. Afisa anayesema pale palikuwa na "vibanda haramu tu" hapati wa kumpinga, kwa sababu hakuna anayeweza kufungua albamu na kumwonyesha kwamba pale palikuwa na shule ya chekechea, na msikiti, na mzee aliyetengeneza redio mlango mmoja miaka nenda miaka rudi. Picha ya kawaida, ile unayoona haina maana leo, kesho ndiyo shahidi.

Hatudharau picha za siku za moshi. Juni 25, 2024, vijana walipoandamana hadi Bungeni, wengi walikuwa na simu mikononi. Mwaka uliofuata kitengo cha BBC Africa Eye kilichambua zaidi ya picha na video 5,000 za siku hiyo kujaribu kubaini nani aliwafyatulia risasi waandamanaji. Angalia kilichozipa picha hizo nguvu. Hazikuwa nzuri zote. Nyingine zilitikisika, nyingine zilipigwa na mtu anayekimbia. Lakini iliwezekana kujua zilipigwa wapi na saa ngapi. Nidhamu hiyohiyo ya mahali na saa ndiyo tunataka uipeleke sokoni, ambako hakuna anayekimbia.

Wala usidhani kwamba kazi hii inawangoja mabingwa wenye lenzi ndefu. Mwaka wa 1997, kikundi cha wavulana na wasichana wa Mathare wenye umri wa miaka 12 hadi 17, waliokuwa wanachama wa chama cha michezo cha MYSA, walipewa kamera za plastiki za bei rahisi katika mradi uliokuja kujulikana kama Shootback. Walipiga picha za nyumba zao, ndugu zao, kazi zao na michezo yao. Picha hizo zikawa kitabu mwaka wa 1999. Wapigapicha wa kutoka nje walikuwa wameingia Mathare mara nyingi kabla ya hapo, lakini hakuna mgeni anayekaribishwa asubuhi kabla kitanda hakijatandikwa. Watoto wale hawakuhitaji kukaribishwa kwa sababu walikuwa kwao. Simu iliyo mfukoni mwako leo inaishinda kamera ile ya plastiki kwa kila kitu. Wao waliishinda simu yako kwa jambo moja tu: walirudi palepale kila wiki.

Najua utasema kwenu hakuna kitu. Kila kijana husema hivyo kuhusu kwao. Ukitoka Kisumu, unajua jinsi wanawake wanavyosubiri mashua zitue Dunga. Ukitoka Mwea, umekua ukiwaona watu wameinama ndani ya maji wakipandikiza mpunga. Ukitoka Matondoni kule Lamu, sauti ya mafundi wakigonga mbao za jahazi umeizoea mpaka huisikii tena. Kamukunji vijana wa rika lako wanakunja bati kuwa masanduku na makarai kuanzia asubuhi hadi jioni. Iten kila mgeni amewapiga picha wakimbiaji. Ni nani amempiga anayewapikia ugali?

Kosa la kwanza la wengi ni kuchagua jambo pana mno. "Maisha ya wavuvi" si mada, ni jina la wimbo. Chukua mashua moja, uifuate tangu inapotoka hadi samaki wa mwisho anapofika kwenye sufuria ya mtu. Badala ya "changamoto za boda boda", chukua steji moja yenye waendeshaji kumi, ujue nani anadaiwa pikipiki, nani ndiye mweka hazina, na wanaenda wapi mwenzao akivunjika mguu. Ukipunguza mahali, utaona zaidi.

Sasa, namna ya kuifanya.

Wiki ya kwanza acha kamera nyumbani. Ndiyo, iache. Nenda ukae, ununue chai, usalimie. Jitambulishe kama watu wa kwenu wanavyojitambulisha: "Mama, hujambo? Naitwa fulani, mimi ni mtoto wa fulani wa pale kando ya posho mill. Nasomea uanahabari, na likizo hii ningependa kupiga picha za kazi hapa." Ukiwa Pwani, anza na shikamoo na usiwe na haraka. Wakishakuzoea, siku utakayotoa kamera hakuna atakayejiweka sawa kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kuhusu mwanga, jua la saa sita hadi saa tisa ni adui. Linaweka vivuli vyeusi chini ya macho na kukupa uso usioweza kuutambua. Fanya kazi asubuhi kabla ya saa tatu, na jioni baada ya saa kumi. Ikibidi upige mchana, mwombe mtu asogee kwenye kivuli cha baraza au chini ya mti, kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, si kwenye anga. Na usivute kwa vidole viwili. Sogea kwa miguu. Ukiogopa kumsogelea mtu, jua kwamba bado hamjazoeana.

Kila mara piga mahali pote, kisha mtu akiwa kazini, kisha mikono na vifaa. Mtu asiyewahi kufika hapo aweze kuzipanga picha hizo tatu na kuelewa kazi inafanywaje.

Halafu andika. Picha bila maelezo ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: yupo, lakini ofisini hatambuliki. "Mama akiuza samaki Kisumu" haisemi kitu. Andika jina lake kamili, kama yeye mwenyewe anavyolitaja. Andika tarehe na saa, jina la ufuo, amefanya biashara hiyo miaka mingapi, na omena ilikuwa pesa ngapi kwa gorogoro siku hiyo. Bei hiyo leo inaonekana kama umbea wa sokoni. Miaka 20 ijayo mwanahistoria ataitafuta kwa tochi. Maelezo uyaandike siku hiyohiyo kabla ya kulala, maana kesho utakuwa umesahau kama aliitwa Akoth au Akinyi.

Tukija kwa idhini, hapa hatutani. Mtu kunyamaza si idhini. Mwambie unapiga kwa nini na picha itaonekana wapi: gazetini, mtandaoni, ukutani. Akikataa, sema asante na upite. Kesho huenda akakuita mwenyewe. Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi kukubali, hata wakikuzunguka wakipiga kelele "tupige, tupige".

Hii si adabu pekee, ni sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani Sh1.85 milioni kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Sheria hiyo inawapa wanahabari nafuu kwa habari zenye manufaa kwa umma, lakini nafuu hiyo haikuruhusu kumvizia jirani. Kanuni za maadili zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 nazo zinakutaka uwalinde watoto na usiingilie watu walio katika majonzi. Kwenye matanga, kwa mfano, kaa kwanza kama mwombolezaji. Familia ikitaka picha, itakwambia.

Usalama pia uufikirie. Mweleze chifu au mzee wa Nyumba Kumi unachofanya. Nenda na mwenzako mahali usipopazoea. Vituo vya polisi, kambi za jeshi na maeneo mengine yanayolindwa achana nayo. Na mtu akikuonyesha kwamba kuna kona fulani haipigwi picha, mwamini. Hakuna picha inayozidi uhai wako.

Tunza kazi yako. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka wa 1935, akawa mmoja wa Waafrika wa kwanza kupiga picha kwa majarida makubwa ya Marekani, Time na Life. Aliuawa mwaka wa 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya kazi yake haikujulikana ilipo, hadi jamaa yake alipoipata ndani ya gereji hapa Nairobi. Picha za Afrika ikipigania uhuru, na zingeweza kuliwa na mchwa bila mtu kujua. Za kwako hazitaliwa na mchwa, lakini simu inaweza kutumbukia chooni Jumanne moja na likizo yako yote ikaenda nayo. Weka nakala mbili mahali pawili: moja kwenye flashi au tarakilishi ya ndugu yako, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usitegemee picha uliyotuma kwa WhatsApp, kwa sababu hubanwa ikapoteza ubora. Hifadhi faili asilia, na jina la faili lianze na tarehe.

Sasa tufike kwenye ile sehemu ya pili: kurudisha.

Chagua picha 20, uzisafishe studio mjini. Mpe kila uliyempiga ya kwake. Nyingine zianike ukutani kwa ukumbi wa kanisa, au nje ya posho mill, kwa kamba na vibanio vya nguo. Mwombe chifu dakika kumi kwenye baraza. Jambo hili lilishafanywa katika hali ngumu kuliko yako. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Boniface Mwangi, aliyezipiga picha akiwa mpigapicha wa gazeti, alizizungusha nchini katika maonyesho ya barabarani yaliyoitwa Picha Mtaani. Watu walisimama kandokando ya barabara wakatazama yaliyotendwa na majirani. Picha zilizotoka barabarani zilirudi barabarani, mbele ya wenyewe.

Faida ya kurudisha ni mbili. Ya kwanza, wenyeji watakusahihisha. Mzee atasogea, atakodoa macho, atasema, "Huyu si mwenye mashua, huyu ni ndugu yake. Na chombo hiki hakikutoka Usenge, kilitoka Mageta." Hakuna mhariri Nairobi anayeweza kukusaidia hivyo. Ya pili, ukijua kwamba utasimama mbele ya mama yule na picha yake mkononi, utaipiga kwa heshima. Chukua hiki kiwe kipimo chako: kama huwezi kumwonyesha mtu picha yake mbele ya watoto wake, usiibandike mtandaoni mbele ya watu asiowajua.

Utauliza, na pesa je? Hatutakudanganya. Likizo hii huenda usipate hata ya vocha kutokana na kazi hii. Lakini mwisho wake utakuwa na jambo ambalo wengi wanaoomba kazi hawana: picha za mahali pamoja zinazoonyesha kwamba unaweza kufuatilia habari kwa miezi. Na ujue haki yako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha uliyoipiga kwa kazi yako mwenyewe ni mali yako tangu ulipobonyeza. Shirika au kampuni ikiitaka, kubalianeni kwa maandishi itatumika wapi, kwa muda gani na kwa bei gani. Ukiambiwa "tutakupa jina tu", kumbuka landilodi hapokei jina. Na wewe ukilipwa, mkumbuke aliyesimama mbele ya kamera. Hata unga wa ugali ni shukrani.

Wapo wengine wanaopaswa kusikia haya. Wahadhiri wa uanahabari, hesabuni kazi kama hii kama mafunzo ya nyanjani, hasa kwa mwanafunzi aliyekosa nafasi katika chombo cha habari cha mjini. Kaunti zina maktaba za umma. Tengeni rafu moja na diski moja ya kupokea picha za wakazi, pamoja na maelezo yake. Magavana wanaopenda kuzungumza juu ya kuhifadhi utamaduni waanzie hapo, maana gharama yake haifiki hata bei ya hema za sherehe moja. Nasi wahariri, mpigapicha chipukizi akituletea picha kumi zenye majina na tarehe, tuzipe ukurasa, tumlipe, na jina lake liandikwe kwa usahihi.

Lakini wewe usiwangoje. Mto hausubiri kaunti ipange bajeti, wala tingatinga halisubiri. Mzee anayejua kutengeneza mtego wa samaki kwa matete hatakuwapo likizo zote utakazopata maishani. Mwaka ujao huenda soko lile limehamishwa, jahazi limeuzwa, uwanja umezungushwa ukuta wa mtu.

Kesho asubuhi oga, uvae, uende pale ulipopachagua. Bila kamera. Salimia watu, ukae.